Fomu ya Shangazi Kuhusu Kiwanda cha Betri

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi, chumba cha upelelezi
Tarehe: 14 mwezi wa tatu. Kuanza: saa 3:10 asubuhi
Jina: Kama lilivyo kwenye kitabu cha kituo. Nyumbani huitwa Mnong'ono
Umri: Miaka 18
Kazi: Hana. Amemaliza sekondari, humsaidia shangazi yake kazi ya udobi
Makazi: Nyumba ya dobi, nyuma ya kiwanda cha betri

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Afande aliyenipokea aliniuliza mara tatu nimesema nini, halafu akaniuliza, "Binti, unaongea na mimi au na meza?" Kwa hiyo nimeomba niandike mwenyewe. Amekubali, akasema ataniuliza maswali pale atakapoona pana haja. Ameniambia pia kwamba nikiandika uongo ninaweza kushtakiwa. Nimeelewa.

Ninaishi na shangazi yangu, dada wa marehemu baba, tangu nikiwa na miaka sita. Shangazi ni dobi. Anafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo barabarani na makoti ya wauguzi wa zahanati. Maji anachota kwenye kisima kilicho uani kwetu. Kazi yangu mimi ni kuandika majina ya wateja kwenye vipande vya kitambaa na kuvishona kwenye pindo ili nguo zisichanganyike. Nimeifanya tangu darasa la tatu. Shangazi anasoma polepole, na anachoweza kuandika ni jina lake tu, lakini mwandiko wangu husema anaujua kuliko uso wangu. Ana mtoto mmoja, wa kike, wa miaka minne. Tunamwita Kifungo kwa sababu hupenda kukaa chini ya kamba na kuhesabu vifungo vya makoti yaliyoanikwa.

Mnamo tarehe 4 mwezi wa pili mwaka jana, saa nne asubuhi, mwenyekiti wa mtaa aliniita ofisini kwake. Nilimkuta na mwanaume aliyevaa shati la mifuko mingi. Watu wote walimwita Mtaalamu, na mimi nitamwita hivyo. Nilimwamkia shikamoo, hakusikia. Mwenyekiti alimwambia, "Huyu hana mdomo, lakini mkono wake kama mashine ya chapa." Mtaalamu akasema, "Mdomo wa nini? Mdomo ninao mimi." Wakacheka.

Mtaalamu alinieleza kwamba ghala la zamani lililo nyuma ya nyumba yetu limenunuliwa, na mwenye nalo anataka kuweka humo tanuri la kuyeyusha betri chakavu za magari. Alisema sheria inataka kwanza ifanywe tathmini ya athari kwa mazingira. Watu wanaoishi karibu lazima waulizwe, na majibu yao yaambatishwe kwenye ripoti inayokwenda Mamlaka ya Mazingira. Bila majibu hayo hakuna cheti, na bila cheti hakuna tanuri. Kazi yangu ingekuwa kupita nyumba tisini na fomu, kwa siku nne. Nikimaliza angeniandikia barua ya kunitambulisha chuoni. Barua hiyo sijaipata mpaka leo.

Nilikubali, na niliipenda kazi. Shuleni tulifundishwa kwamba mwananchi ana haki ya kuulizwa, lakini sikuwahi kumwona mtu akiulizwa. Nilirudi nyumbani nikamwambia shangazi, "Sheria inasema lazima watuulize." Shangazi alikuwa anakamua shuka. Akasema, "Tangu lini mwenye shoka akauuliza mti?" Lakini alikausha mikono akasema nianze na yeye.

Fomu ya shangazi ilikuwa namba moja. Niliijaza tarehe 5, saa moja na nusu asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kisima. Ilikuwa na maswali matano, na la mwisho lilikuwa: Je, unaunga mkono mradi? Eleza sababu. Shangazi alisema, nami nikaandika kama alivyosema: "Mimi ni dobi. Kisima changu kiko hatua sabini na mbili kutoka ukuta wa ghala, nimezihesabu kwa miguu yangu. Betri zina sumu. Sitaki. Wakinichimbia kisima kingine mbali na hapa, na wakanihamisha mimi na mtoto, hapo ndipo waje tuongee. Weka nukta." Nikaweka nukta. Akaandika jina lake taratibu. Herufi ya mwisho huwa inamwangukia chini ya mstari, na siku hiyo pia ilianguka. Povu la sabuni lilidondokea kwenye pembe ya karatasi.

Siku hiyo nilipata fomu kumi na moja. Nilisimama kwenye milango mingi nikabisha, na wengi hawakusikia. Fundi viatu wa pale kona alikuwa ananitazama. Akaniuliza, "Wewe mtoto, unabisha hodi au unaifuta milango vumbi?" Watu waliokaa naye wakacheka, nami nikaruka nyumba tatu zilizofuata ili nisipite tena mbele yake. Siku ya pili nilipata fomu sita. Katika fomu hizo kumi na saba, kumi na tano zilikataa mradi.

Jioni ya tarehe 6, saa kumi na moja, nilizipeleka kwa Mtaalamu. Alikuwa amepanga nyumba ya wageni, ile ile tunayoifulia, na alikuwa na meza uani. Alizihesabu, akasema, "Kumi na saba! Kwa mwendo huu tanuri litawashwa na wajukuu zako." Akazisoma moja moja huku akinywa maji. Nilimwambia watu wanakataa. Akaniambia, "Hawajakataa. Wameogopa. Hofu si maoni. Maoni lazima yawe na sababu ya kitaalamu, na hawa sababu hawana, kwa hiyo tunawasaidia." Akanipa karatasi moja iliyochapwa. Juu yake paliandikwa: Mwongozo wa Majibu.

Afande ameniuliza kwa nini sikukataa. Nimejaribu kukumbuka vizuri ili nisimdanganye. Nilikuwa nimetoka kwenye mtihani miezi mitatu tu kabla ya hapo. Miaka yote nilizoea kwamba mwalimu akitoa mwongozo wa majibu, jibu sahihi ni lililomo humo, na aliyeandika vingine amekosa. Nilipouona ule mwongozo, moyoni niliwaona majirani zangu kama watu waliokosa swali la tano. Nilidhani ninawasahihishia.

Na kuna jingine. Mtaalamu alisema sina haja tena ya kubisha hodi. Nilifurahi. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Nilifurahi.

Mnamo tarehe 7, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, nilikaa kwenye ile meza nikajaza fomu sabini na tatu za nyumba zilizobaki, kisha nikaziandika upya zile zilizokataa. Majina niliyatoa kichwani kwa kuwa ninawajua watu wote wa mtaani, nguo zao zinapita mikononi mwangu. Mtaalamu alinipa kalamu tatu za rangi tofauti. Alinifundisha kulaza karatasi upande ili mwandiko ubadilike, na kuandika kwa mkono wa kushoto kwa wazee. Kwa wasiojua kuandika alileta kidau cha wino wa muhuri. Nilipoweka dole gumba mara ya pili alinishika kifundo cha mkono akasema, "Mungu amekupa vidole kumi. Vitumie vyote, usikufuru." Nilivitumia vyote. Vilipoisha alisema nivue viatu.

Nilivua viatu. Mpishi wa nyumba ya wageni alipita na beseni la vyombo, akasimama, akasema, "Mbona binti wa watu anapigwa chapa kama ng'ombe?" Mtaalamu alimjibu, "Huyu ni wananchi." Mpishi alicheka mpaka vijiko vikamwanguka. Mimi pia nilicheka kidogo, sijui kwa nini.

Ilipobaki ile namba moja, Mtaalamu aliiinua akaisoma kwa sauti. Akasema, "Dobi gani huyu anaandika kama wakili? Tena imelowa sabuni. Andika nyingine safi." Nilisema, "Hayo ni maneno yake mwenyewe." Aliniuliza, "Umesema?" Sikurudia. Akasema, "Sawa. Andika kwamba anaunga mkono kwa masharti. Masharti yake tutayaweka kwenye kiambatisho." Nilimuuliza kama na kisima kitakuwemo. Akasema, "Neno kwa neno." Nikaandika: Naunga mkono mradi huu kwa kuwa utaleta ajira na maendeleo, kwa masharti yaliyoambatishwa. Hiyo sikuilaza karatasi. Niliiandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa kwa sababu ilikuwa ya shangazi. Kisha nikaandika jina lake jinsi anavyoliandika, na herufi ya mwisho nikaiangusha chini ya mstari.

Ile fomu ya kwanza Mtaalamu aliikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Aliijaribu meza kwa kiganja, ikatulia. Akasema, "Sasa imefanya kazi."

Nilipofika nyumbani shangazi aliniuliza, "Maneno yangu umeyafikisha?" Nikasema ndiyo.

Cheti kilitoka mwezi wa nne. Tanuri liliwashwa tarehe 2 mwezi wa sita. Moshi wake haupandi juu, asubuhi unalala chini kama paka. Vumbi jeupe lilianza kukaa kwenye kamba. Nyumba ya wageni ikawa inarudisha mashuka, shangazi anayafua tena. Kisima tuliendelea kukitumia kwa kila kitu, kwa kuwa maji yake yalikuwa bado yanang'aa.

Kifungo alikuwa anahesabu mpaka ishirini kabla ya tanuri. Nilimfundisha mimi. Mwezi wa tisa alikuwa anafika kumi na mbili, halafu anatafuta namba inayofuata kwa macho, kama mtu aliyeangusha kitu. Tulidhani anacheza. Mwezi wa kumi na moja akawa anafika saba. Akaanza kushika tumbo na kuanguka akitembea. Tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili muuguzi wa zahanati, ambaye ni mteja wetu, alimpima damu. Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Muuguzi alisema damu ya mtoto ina madini ya risasi kupita kiasi mara nyingi, na kwamba yanakwenda kwenye ubongo. Alisema, "Mama, dawa ipo. Lakini dawa haifanyi kazi kama mtoto anaendelea kunywa kile kile. Ahame mtoto, au kihame kiwanda." Shangazi akamuuliza, "Kipi chepesi, mwanangu?" Hatuna pa kuhamia. Nyumba ile na kisima kile ndiyo kazi, na hakuna anayenunua nyumba hapo sasa.

Muuguzi ndiye aliyemwambia shangazi kwamba lipo Baraza la Rufaa za Mazingira, na kwamba cheti kinaweza kufutwa ikionekana wananchi walikataa wakapuuzwa. Shangazi alichangamka kwa mara ya kwanza tangu majibu ya damu. Alizunguka mtaa mzima akisema, "Mimi nilikataa kwa maandishi. Fomu yangu ipo serikalini, namba moja." Barua ya rufaa niliiandika mimi. Shangazi alikuwa anasema, mimi naandika, kama siku ile kisimani. Nilijiambia kwamba kiambatisho kipo. Nilijiambia hivyo kila siku kwa wiki saba.

Rufaa ilisikilizwa tarehe 3 mwezi huu, saa nne asubuhi, ghorofa ya pili ya jengo la serikali. Ni chumba chenye viti vya plastiki na feni isiyozunguka. Wajumbe wa Baraza walikuwa watatu. Majirani kumi na wanne walikuja, wamefunga kazi zao, pamoja na fundi viatu. Shangazi alivaa gauni lake la bluu alilolipiga pasi mara mbili. Mimi nilikaa safu ya tatu, Kifungo nikiwa nimempakata.

Shangazi aliapa. Akasema alikataa mradi kwa maandishi, na kwamba kama fomu yake ingesomwa, mtoto wake angekuwa anahesabu mpaka mia. Wakili wa kiwanda alisimama. Alikuwa mpole sana. Walizungumza hivi:

"Mama, una uhakika ulikataa?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

"Na fomu ikisema vingine, mwongo atakuwa nani?"

"Fomu itasemaje vingine, baba? Niliisema mwenyewe, na nukta ikawekwa."

Watu walicheka, hata mjumbe mmoja. Shangazi naye alitabasamu. Wakili akafungua ripoti kwenye ukurasa aliokuwa ameuwekea alama, akaisoma fomu namba moja yote. Kisha akasema, "Tumepekua kurasa zote mia mbili na kumi. Hakuna kiambatisho cha masharti. Bila shaka mama hakuwa nayo." Akampelekea fomu mkononi.

Shangazi aliisoma kwa kidole. Tulisubiri kwa sababu anasoma polepole. Kidole kilifika kwenye neno Naunga kikasimama. Mimi nikiandika herufi g huwa ninaukunja mkia wake kwa ndani kama ndoano, na mkia huo uko kwenye kila kitambaa nilichomshonea shangazi kwa miaka kumi. Alikaa nao pale. Halafu akainua uso. Hakumtazama wakili wala wajumbe. Alizipitia kwa macho safu za viti moja baada ya nyingine mpaka akanifikia.

Nilitazama nywele za Kifungo.

Mwenyekiti wa Baraza alisema, "Mama, kama hii si yako, sema sasa. Kughushi ni kosa la jinai. Tutajie aliyeiandika na polisi watamchukua leo leo, rufaa yako itaendelea." Alisema hivyo vizuri, alikuwa anataka kumsaidia. Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Miguu yangu ilikuwa mizima na Kifungo si mzito, amepungua. Sikusimama.

Shangazi akasema, "Ni yangu. Nilisahau."

Chumba kizima kiliguna. Fundi viatu alisimama akasema kwa nguvu, "Dobi! Umetufungisha vibanda vyetu tuje kusikiliza umesahau?" Mjumbe aliyekuwa amecheka akacheka tena. Mwenyekiti alisema Baraza si mahali pa michezo, akaitupa rufaa. Wakili aliinama kidogo akasema, "Tunamshukuru mama kwa ukweli wake."

Tulirudi kwa miguu. Shangazi alikuwa mbele na Kifungo mgongoni, mimi nyuma. Hakuna jirani aliyetembea nasi. Tulipofika alivua gauni la bluu, akalikunja, akavaa kanga ya kazini, akachota maji. Nikasema, "Shangazi." Akasema, "Usiseme. Ukisema nitakuwa nimesikia." Aliloweka mashuka mawili ndipo akaongea tena. Alisema, "Wewe maisha yako bado yamekunjwa, hayajavaliwa hata siku moja. Siwezi kuyatia doa." Kisha akaniambia nikaandike majina, kuna makoti ya wauguzi yamekuja. Nikaandika.

Tangu siku hiyo mtaani wanasema shangazi amekula na kiwanda. Jumatatu tulikuta betri chakavu imetupwa ndani ya kisima. Tuliitoa kwa kamba. Fundi viatu akipita huuliza kutoka barabarani, "Dobi, umekumbuka?" Wenzake hujibu, "Bado!" Shangazi huwaitikia salamu kama kawaida. Juzi tarehe 12, saa moja asubuhi, nilimkalisha Kifungo chini ya kamba nikamwonyesha kifungo cha kwanza. Alikitazama. Nilisema "moja" nikasubiri aseme mbili. Alinipapasa mdomo, kama anatafuta sauti inakotoka.

Jana nilimuuliza muuguzi kama kuna njia yoyote. Alisema Baraza linaweza kuupitia upya uamuzi wake ndani ya siku kumi na nne ukipatikana ushahidi mpya, na ushahidi wa kughushi lazima upitie polisi. Siku kumi na nne zinaisha tarehe 17. Ndiyo maana nimekuja. Shangazi hajui. Anajua nimetumwa sabuni.

Afande ameniuliza kama kuna mtu alinilazimisha kujaza zile fomu. Nimemjibu kwamba Mtaalamu aliniambia, lakini hakuna aliyenisukuma mkono.

Afande ameniuliza kama mtu mwingine yeyote aliona. Nimemjibu mpishi wa nyumba ya wageni, lakini aliondoka kazini mwezi wa saba na sijui aliko.

Afande ameniuliza kama shangazi, wakati anasema mbele ya Baraza kwamba fomu ni yake, alikuwa anajua kwamba si yake. Nimemjibu ndiyo, alijua. Ameniuliza kama nina uhakika. Nimemjibu nina uhakika kabisa, kwa sababu nilimwona alipoutambua mwandiko, na kwa sababu ya maneno aliyoniambia tulipofika nyumbani. Sikutaka iandikwe kwamba shangazi ni mtu wa kusahau. Shangazi hajasahau neno hata moja. Ameniuliza kama wakati huo alikuwa bado chini ya kiapo. Nimemjibu ndiyo. Afande ameniomba niyaandike majibu hayo yote kwa ukamilifu, na nimeyaandika.

Ninaomba maelezo haya yafike Baraza la Rufaa kabla ya tarehe 17. Ninaomba waambiwe kwamba fomu namba moja ya kweli ilisema sitaki. Kama kuna adhabu, ni yangu. Ninaomba waharakishe kwa ajili ya mtoto.

Nimeandika nilichokiona na nilichokifanya, sikuongeza wala kupunguza, na nikiitwa popote nitayarudia hata kama sauti yangu ni ndogo.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)
Kumaliza: saa 5:25 asubuhi

MAELEZO YA OFISA

Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu, bila vitisho wala ahadi. Ana akili timamu.

Mtaalamu amepigiwa simu saa 5:40. Anasema hamkumbuki shahidi, na kwamba fomu zote alizipokea zikiwa zimejazwa. Kesi ya kughushi itapelelezwa kwa utaratibu wa kawaida. Shahidi asitoke nje ya mtaa bila kibali.

Kuhusu ombi la kupeleka maelezo haya kwenye Baraza: nyaraka za upelelezi hazitolewi mpaka upelelezi ukamilike. Kuhusu maji na afya ya mtoto: si suala la kituo hiki.

Kuhusu dobi: kwa maelezo haya, alitoa ushahidi wa uongo chini ya kiapo huku akijua. Jalada limefunguliwa. Atafika kituoni tarehe 17, saa mbili asubuhi. Kwa kuwa kituo hakina gari leo, wito amekabidhiwa shahidi aupeleke, kwa vile wanaishi nyumba moja.

Shahidi ameuliza kama anaweza kuyafuta maelezo yake. Ameelezwa kwamba hayafutwi. Ameombwa kurudia swali lake la pili kwa sababu halikusikika. Hakurudia. Ametia sahihi ya kupokea wito na kuondoka saa 6:05 mchana.